Foto za motokari za zamani: tusisifu bule, tusicheke bule



Safari hii tunataka kusema juu ya jambo moja ambalo kila mtu hapa ku masomo amekwisha kuliona, lakini hakuna aliyeliandika. Ni zile foto za motokari za zamani zinazopita kutoka telefone moja hata telefone ingine wakati wa mapumziko. Motokari zile hazikupita kwa barabara yetu. Foto zake zilikamatwa ndani ya michezo ya video, ile ya kushindana mbio. Mmoja anaonyesha Jaguar ya mwaka 1961, mwingine anatoa Mercedes yake, na kikundi kizima kinainama juu ya kioo kidogo. Kisha inakuja kelele: "Iko muzuri!" "Hapana, iko mubaya!" "We unajua nini?" Kengele inalia, tunarudi mu kalasi, na hakuna aliyejifunza kitu.

Wakubwa wengine wanasema ni kupoteza wakati. Wengine wanasema ni uongo, maana motokari ile haiko. Sisi tunawaza vingine. Foto zenyewe hazina zambi. Zambi iko fasi ingine, iko katika maneno tunayosema juu yake. Tunasifu bule, tena tunacheka bule. Njo jambo tunalotaka kuonyesha leo.

NI KITU GANI?

Kwa walimu na kwa wale wasiocheza, tueleze kidogo. Mwaka 1997 ulitoka kule Japani mchezo mmoja wa mashine ya PlayStation, jina lake Gran Turismo. Aliyeongoza kazi ile ni Kazunori Yamauchi, mtu mwenye kupenda motokari sana. Katika mchezo wa nne, uliotoka Japani mwisho wa mwaka 2004, waliongeza kitu kipya. Mchezaji anaweza kusimamisha mbio, akaizunguka motokari na mashine ya foto isiyoshikika kwa mkono, akachagua fasi ya kusimama, akachagua lensi na mwangaza, kisha akapiga. Mwaka 2017, katika Gran Turismo Sport, waliendelea mbele. Wanakamata foto ya kweli ya mji ao ya barabara, na motokari iliyotengenezwa na ordinatere inawekwa mule ndani. Kivuli chake na mwangaza wake vinafuata mwangaza wa fasi ile. Michezo mingine kama Forza Horizon ina pia namna yake ya kupiga foto.

Hapa Lubumbashi si wengi walio na mashine ile nyumbani. Wengine wanacheza ku sale ya michezo ya mtaa, wanalipa kila mchezo, kisha wanapiga foto ya televizyo kwa telefone. Wengine wana paka telefone, wanakamata kioo kama kilivyo. Njo maana foto zetu ni za namna nyingi. Nyingine ni safi kama maji ya chemchemi, nyingine zina ukungu. Tushike neno hili, tutalirudia.

JE, NI UONGO?

Kuna wanaosema: "Ile haiko motokari ya kweli, ni bongo tu." Tuwajibu kwa heshima.

Katika mji wa Bamako, inchi ya Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake ya foto mwaka 1948. Watu walikuja na nguo zao za sikukuu, na yeye aliwaazima vitu vya kupambia foto: saa ya mkono, redio, hata motokari yake mwenyewe, Peugeot 203. Mtu alisimama karibu na ile Peugeot, foto ikatoka, akaituma kwa jamaa yake. Motokari haikuwa yake. Lakini foto ile ilionyesha kitu cha kweli, yaani namna mtu yule alivyotaka kuonekana mbele ya wenzake.

Tuje kwetu. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1978, alifanya mwaka 2006 kazi aliyoiita Mémoire. Alikamata foto za zamani, nyeusi na nyeupe, za wafanyakazi wa wakati wa Wabelgiji. Akazitosha fasi yake, akaziweka juu ya foto za rangi alizopiga mwenyewe katika majengo ya Gécamines yaliyobaki matupu. Watu wale hawakusimama pale siku ile. Lakini Baloji hadanganyi mtu, maana kila mtazamaji anaona wazi alichokifanya. Na ukiangalia, unaona jambo la kweli kabisa: kazi iliyokuwako, na kazi iliyokwisha. Yeye ni mmoja wa walioanzisha chama kinachoitwa Picha, na tangu mwaka 2008 chama kile kinaleta maonyesho ya foto na ya sanaa ingine hapa mjini petu.

Basi kuweka motokari fasi haikufika si uongo. Uongo unatoka kinywani. Mwenzetu mmoja alipitisha foto ya Mercedes 300 SL ya mwaka 1954, ile ambayo milango yake inafunguka kwenda juu kama mabawa. Akasema ni ya mjomba wake wa Johannesburg. Wadogo wa kalasi za chini waliamini siku tatu. Foto yenyewe ilipigwa vizuri, ilistahili kuonyeshwa mbele ya watu. Neno lake njo liliiharibu, na wote tunajua amri inayokataza ushuhuda wa uongo. Kama angalisema, "Niliikamata mu mchezo, na mwangaza ule nilitafuta saa nzima," tungalimheshimu zaidi.

Tunaomba hivi: kila foto iende na jina lake. Mchezo gani, motokari gani, ya mwaka gani. Maneno matatu tu, na bongo imekwisha.

KUSIFU BULE

Sasa tuingie katika shida yenyewe. Foto inapopita, inapata neno moja: "Muzuri." Ya pili: "Muzuri." Ya kumi nayo: "Muzuri sana!" Kwa nini? Kwa sababu kila mtu anawaza mu roho: nikisema kweli huyu atanikasirikia, na kesho mimi pia nitaleta foto yangu, nitahitaji anisifu. Ile si urafiki, ni biashara ya sifa. Na anayejaribu kusema kosa, jibu linakuwa tayari: "Unasema vile juu uko na wivu."

Tukumbuke motokari za waya. Wengi wetu tulizitengeneza tulipokuwa wadogo, magurudumu tuliyakata katika kandambili za zamani ao tuliyafanya kwa vifuniko vya makopo. Ulipoileta kwa wenzako, hakuna aliyesema "muzuri" bule. Waliishika, wakaikokota mu vumbi. Kama gurudumu lilivuta upande, walisema: "Gurudumu inavuta upande." Ulirudi nyumbani, ukanyoosha waya, na kesho yake motokari ilienda sawa. Hakuna aliyeita ile wivu. Namna gani leo, sisi tuliosoma hesabu na fizike, tunapoteza akili tuliyokuwa nayo na miaka saba?

Kitabu cha Mithali kinamweka rafiki anayeumiza kwa kweli juu ya adui anayebusu. Na mtume Paulo alipowaandikia Waefeso hakutenga kweli na upendo. Anayekuambia "muzuri" wakati magurudumu yako yamesimama, yule hakukupenda. Amejipenda mwenyewe.

Lakini kukosoa ni kazi, na kazi inataka kujua vyombo. Tunatoa hapa mambo matano ya kuangalia:

1. Magurudumu. Foto inataka kusema motokari iko mbio, lakini magurudumu yamesimama, unaweza kuhesabu nati zake. Maana yake lensi ilifunguka muda mfupi sana. Achague muda mrefu zaidi, kwa mfano sehemu ya 60 ya sekunde, na lensi ifuate motokari inapopita. Barabara itakuwa mistari, gurudumu litaonekana linazunguka, na mwili wa motokari utabaki wazi.

2. Lensi. Ukisimama karibu sana na lensi pana ya milimita 24, motokari inapata pua kubwa na mgongo mdogo. Kwa Volkswagen ya zamani inaweza kuchekesha na ikapendeza. Kwa Jaguar E-type inaharibu ule mstari mrefu wa mbele ambao ni uzuri wake wote. Rudi nyuma, kamata lensi ya 85 ao kupita pale.

3. Vitu vya nyuma. Mara nyingi nguzo ya taa inaota juu ya paa sawa pembe. Mpigaji alitazama paka motokari. Ahame hatua mbili, ao afungue lensi zaidi, kwa namba ndogo kama 2.8, na vitu vya nyuma vitaingia mu ukungu.

4. Mwangaza. Saa sita jua linapiga juu, na mwili wa motokari unakuwa kama sahani. Asubuhi na magharibi mwangaza unalala, unaonyesha kila mkunjo wa bati. Mchezo unakupa saa unayotaka, basi ni uvivu gani kupiga kila mara saa sita?

5. Rangi. Wengi wanaongeza rangi hata majani yanafanana na sumu. Wakidhani wanaitengeneza, wanaificha motokari. Punguza kwanza, kisha tazama tena.

Kitu kimoja tena kwa anayekosoa. Aanze kusema anachoona, kisha aseme anachowaza. "Iko mubaya" haisaidii mtu. "Nguzo inatoka juu ya paa" inasaidia. Mtu anaweza kuhamisha nguzo. Ile "mubaya" ataihamisha namna gani?

KUCHEKA BULE

Kuna kosa la pili, na hili linatuumiza kupita la kwanza.

Mtoto mmoja wa kalasi za chini alileta foto ya Volkswagen ya mwaka 1966. Aliikamata ku sale ya michezo, mbele ya televizyo, kwa telefone ya zamani ambayo kioo chake kimepasuka. Mwangaza wa taa ya nyumba ulionekana juu ya foto kama mstari mweupe. Wakubwa wakacheka: "Telefone gani hii? Ya bibi yako?" Mmoja akainyanyua juu ili wote waone ule ufa. Foto yenyewe hawakuiangalia.

Sisi tuliiangalia. Motokari ilikuwa ndogo, chini, upande wa kushoto, imetupa mgongo. Fasi yote iliyobaki ilikuwa barabara tupu yenye maji ya mvua, na taa zake mbili nyekundu zilijivuta mu maji yale hata karibu na miguu ya mtazamaji. Ilikuwa kama mtu anayerudi nyumbani peke yake usiku, na hajui kama watamfungulia mlango. Kati ya foto zote zilizopita mwaka huu, hakuna ingine iliyotusimamisha vile. Tulimwambia. Lakini kicheko kilikuwa kimefika mbele yetu. Tangu siku ile hajaleta foto ingine. Tukimwomba ile ya Volkswagen, anasema ameifuta.

Waliocheka wanawaza walipoteza dakika tano tu. Sisi tunasema masomo yetu yamepoteza macho ya mtu mmoja, na macho ya namna ile hayanunuliwi. Kila mtu anaweza siku moja kupata telefone ya bei. Kujua fasi ya kuiweka motokari ndogo katika barabara kubwa, ile ni zawadi ya Mungu.

Kwa hiyo tuwe na sheria moja: kosoa foto, usikosoe mfuko. Ufa wa kioo, jina la telefone, kama mtu ana mashine nyumbani ao analipa ku sale, vile vyote viko inje ya shauri.

FOTO INATUKUMBUSHA NINI?

Wazee wa mji huu walikuwa na neno la kupimia picha: ukumbusho. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi walichora na kuuza kwa watu wa kawaida, na watu walitundika picha zile ukutani nyumbani. Mmoja wao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yetu, picha zaidi ya 100, akaieleza moja kwa moja kwa Profesa Johannes Fabian, aliyeitoa katika kitabu mwaka 1996. Picha ya ukumbusho haipimwi kwa wingi wa rangi. Inapimwa kwa mazungumzo. Mgeni anaingia, anakaa, anaitazama, na kabla ya chai kufika amekwisha kuanza: "Mimi nakumbuka mwaka ule..."

Tuulize foto zetu swali lile lile. Motokari za mchezo zinatoka zimepanguswa. Hazina vumbi jekundu la mwezi wa Septemba, hazina mlango wa rangi ingine, hazina fundi amelala chini yake juu ya karatasi ya boksi. Ni nzuri, lakini mara nyingi hazimkumbushi mtu kitu. Ile Volkswagen ya mvua ilitukumbusha, ingawa ilizaliwa mu ordinatere. Basi inawezekana.

Tena kuna jambo la kushangaza. Katika michezo tunayocheza tunakuta Jaguar na Mercedes nyingi, lakini Peugeot 404 bado hatujaikuta. Na ile njo motokari ya zamani ambayo wazee wetu wanaijua! Ilitengenezwa Ufaransa kutoka mwaka 1960 hata 1975. Katika mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 katika inchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 ilishinda mwaka 1975 na 1978. Ilishinda mu matope na mu vumbi, barabara zile zile za Afrika ambazo zinavunja motokari za bei kubwa. Waulizeni wazee wa Kamalondo, wa Katuba ao wa komini yetu ya Kenya. Leo barabara zimejaa Toyota zinazofika kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, lakini ukiingia mu lupango fulani unaweza bado kukuta motokari ya wakati ule imesimama bila magurudumu, kuku wanalala mule.

Njo hapa mchezo unaweza kutusaidia. Ndani ya mchezo unakosea mara mia na hulipi filme, hulipi mafuta. Unajifunza kuona mwangaza, kuhama hatua mbili, kungoja. Macho yale yakikomaa, yatoke inje, yaende mu lupango, yaangalie ile motokari yenye kuku. Mpige kwa telefone yoyote, kisha mkae na mwenye nayo awaelezee. Asiye na telefone achore kwa penseli.

TUNACHOOMBA

Tunajua hofu ya walimu wetu, na ni hofu ya haki. Pesa ya transpor isiishie ku sale ya michezo. Saa za kujifunza zibaki za kujifunza, na wale wanaongojea Examen d'Etat wasijidanganye kwamba jury itawauliza juu ya Jaguar. Hatuombi ruhusa ya kucheza ku masomo. Tunamwomba Bwana Prefe saa moja tu, siku ya Posho kisha masomo, mara moja kwa mwezi. Kila mtu alete foto mbili: moja ya mchezo, na moja ya motokari ya zamani ya kweli ya mtaa wake, ao mchoro wake. Mwalimu mmoja akae nasi. Foto itazamwe kimya kwanza, dakika moja nzima. Kisha watatu waseme: kitu kimoja kinachosimama vizuri, kitu kimoja cha kunyoosha, na kitu ambacho foto inawakumbusha. Mwenye foto ajibu mwisho.

Gazeti hili nalo litafanya sehemu yake. Mashine yetu ya kuzidisha karatasi inajua weusi tu. Foto ikiingia pale inatoka doa la wino. Basi hatutachapa foto, tutachapa maneno. Kila mwezi mmoja wetu atatazama foto ya mwenzake, ataandika mistari kumi, na sisi ambao hatukuiona tutajua kama ameiangalia kweli. Ukiandika "iko muzuri," hatutaona kitu. Ukiandika "taa mbili nyekundu zinajivuta mu maji ya mvua," tutaiona wote, hata mzee wa nyumbani ambaye hakushika mchezo hata siku moja.

Foto ya kwanza tunayoomba ni ile ya Volkswagen. Kama mwenyewe hakuifuta, ailete, na telefone yake ile ile. Na kama aliifuta kweli, apige ingine. Waliocheka siku ile tunawaomba wakae mbele.

Sisi tumesema. Anayewaza vingine aandike, tutamchapa mwezi unaokuja.

Kamati ya Gazeti